Maneno Yasiyo na R

Mpaka nafika darasa la tatu nilikuwa naamini kwamba kalamu na karamu ni neno moja lenye kazi mbili, kama vile paa ni mnyama na paa ni la nyumba. Sikuona ajabu yoyote. Kwamba kitu cha kuandikia na shughuli ya kula pilau viitwe jina moja, hilo niliona ni shauri la wakubwa waliotunga lugha. Nyumbani kwetu Mshangano mama alisema kalamu kwa yote mawili, na mama ndiye aliyenifundisha kusema.

Mama ni Myao wa Nakapanya, huko Tunduru. Baba alikuwa dereva wa lori la mazao. Alimwoa huko, akamleta Songea, kisha akaendelea na safari zake, akawa anakuja kwetu kama mgeni mwenye ufunguo. Mama hakukaa kumngoja. Alianza kuuza mchele sokoni, na kwa biashara ile alikuwa na mtaji ambao wenzake hawakuwa nao, yaani mdomo. Mteja aliyekwisha kupita meza tatu mbele alirudi mwenyewe akicheka, kwa sababu ya neno alilotupiwa mgongoni.

Kiyao hakina r. Kina l, na wenyewe hawajawahi kulalamika kwamba wamepungukiwa. Kwa hiyo mchele wa mama ulikuwa mzuli, wateja wake walikuwa wanaambiwa kalibuni, na mimi niliitwa kutoka ng'ambo ya balabala. Jina langu silitaji hapa, ila lina r, tena inakaa mwanzoni kabisa, huwezi kuiruka. Mama alinichagulia jina hilo mwenyewe, na akaliita kwa l miaka yote ya utoto wangu. Nilikuwa naitika. Naomba nieleweke vizuri: sikuwa namvumilia wala sikuwa nimezoea kosa. Sikusikia kosa. Kwangu mimi ile ilikuwa sauti moja tu, na ilikuwa sauti ya kwetu.

Halafu akahamia shuleni kwetu mwalimu wa Kiswahili kutoka Tanga. Alikuwa mwanamama mwembamba, na tulipokuwa tukisoma kwa sauti alikuwa anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Siku yake ya kwanza alitupa imla. Alisoma sentensi kumi, sisi tukaandika, na daftari ziliporudi darasa lilikuwa jekundu. Mngoni, Mmatengo, Mnyasa, Myao, wote tulianguka bila ubaguzi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba bwana harusi alilipa mahali ng'ombe wawili.

Tulinyoosha mikono tukingoja fimbo. Hakuchapa mtu. Alituambia tukae, akaanza kutueleza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema masikio yetu ni mazima kabisa na hayana kosa. Sikio ni mlango wa ghala tu, linapokea kila gunia linaloletwa. Anayepanga magunia ni akili, huko ndani. Mtoto mchanga anapanga sauti zote za dunia, kila moja na mahali pake, lakini kabla hajatembea vizuri akili yake imekwisha kujua nyumbani kwao zinatumika sauti zipi, na zile zisizotumika inazimimina pamoja na jirani zake ili isihangaike bure. Mahali ambapo Waswahili wa pwani wana magunia mawili, r huku na l kule, wengi wetu tulikuwa tumekua na gunia moja. Basi ukitamkiwa r, sikio linaipokea vizuri, akili inaitupa kwenye l, na wewe unaapa mbele ya Mungu kwamba umesikia l.

Mimi mtoto wa muuza mchele nilimwelewa sana. Nilichotaka kujua ni kama gunia la pili linaweza kununuliwa ukubwani.

Alituambia linapatikana kwa jasho. Kila asubuhi baada ya kuita majina alitufumbisha macho, akasimama nyuma yetu ili tusimtazame midomo, akataja neno moja moja. Ukisikia l, mkono wa kushoto. Ukisikia r, wa kulia. Kula. Kura. Mahari. Mahali. Kwa wiki nyingi nilikuwa nabahatisha, au natega sikio kwenye shati la jirani yangu niliyemjua ana akili, nisikie linakwaruza upande gani. Mwalimu alitutania kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kisha akarudia tena toka mwanzo. Hakuchoka, na kutochoka kwake kulitutia hofu kuliko fimbo.

Siku moja nikasikia. Neno lilikuwa mara. Katikati yake kuna kitu kiligongagonga, chepesi, kama kidole kwenye bati. Nilidhani mwalimu amebadili namna ya kutamka. Hakuwa amebadili chochote, aliniambia, ndivyo alivyolitamka tangu siku aliyofika. Nilipewa neno jingine nikapata, na jingine, na jingine, nikapata yote. Sijawahi kulewa, lakini nadhani nilivyojisikia siku ile ndivyo walevi wanavyojisikia wakiwa bado kwenye chupa ya kwanza.

Jambo ambalo mwalimu hakutuambia, labda kwa sababu yeye lilikuwa halijamkuta, ni kwamba huwezi kurudi. Jioni ile nilipitia sokoni kama kawaida, nikasimama nyuma ya meza ya mama, nikamsikia. Kalibu, mama. Mzuli huu, wa Tundulu. Neno baada ya neno lilinichoma. Alipogeuka akaniita jina langu, nalo likatoka limevunjika mbele. Asubuhi nilikuwa na mama msemaji kuliko wote sokoni. Jioni nilikuwa na mama anayekosea. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nilikuwa na miaka kumi.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi wa kuchagua kamati ya shule. Wauza mchele wenzake walimsukuma mama agombee, naye hakuhitaji kusukumwa sana. Alikuwa na jambo moja analolitaka. Vyoo vya wasichana havikuwa na milango, na sisi tulikuwa tunakwenda wawili wawili, mmoja akisimama nje ametandaza sketi kuwakinga wapita njia. Mama alisema atakuwa kwenye kamati ile mpaka milango ikae, halafu wamwondoe wakitaka. Wiki nzima, akichambua mawe kwenye ungo wa mchele, alinisomea hotuba yake. Ilikuwa nzuri. Mwishoni palikuwa na neno kula, nikalisikia kila jioni, na kila jioni nikanyamaza. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumwambia pale pale kwenye ungo, tukiwa wawili.

Siku ya mkutano sisi wanafunzi wachache tulipangwa pembeni ili tuimbe. Mwalimu wetu alikuwa karibu na dirisha. Mama akasimama na kitenge chake cha sikukuu, akasema habari za milango, na akaieleza ile adha ya sketi kwa namna ambayo wanaume waliinamisha vichwa na wanawake wakapiga makofi. Akamalizia, "Basi wazazi wenzangu, naomba kula zenu."

Baba mmoja wa nyuma akamjibu kwamba chakula bado hakijaiva. Watu wakacheka. Huyo baba mwenyewe fedha alikuwa anaiita feza na dhambi zake zilikuwa zambi, lakini nyani haoni kundule. Wala halikuwa jambo la kumwangusha mama. Alikuwa anacheka pamoja nao, mkono ameshauinua, na jibu nililiona liko mdomoni, lile jibu lake la sokoni ambalo lingemkalisha yule baba chini kwa furaha ya kila mtu.

Nikamtangulia. Nikasema kwa sauti safi niliyofundishwa, "Siyo kula, mama. Ni kura. Ku-ra."

Mkutano wote ulilipuka. Kumcheka mtu mzima kukisindikizwa na mwanawe ni utamu wa pekee, na watu waliula wote. Nilimtazama mwalimu nikitegemea sifa, nikamkuta ananitazama bila furaha hata kidogo. Mama naye alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Midomo yake ilikuwa inacheza polepole bila sauti, kama anayejaribu kuweka kitu mahali pake na hakikai. Halafu akasema asanteni, akaketi, na baadaye akamwomba mwenyekiti alifute jina lake.

Njiani wenzetu walipungua mmoja mmoja mpaka tukabaki peke yetu. Ndipo akaniambia, "Hebu liseme." Nikasema kura. Akaniambia, "Na lile lingine." Nikasema kula. Nikaambiwa tena, na tena, nikayasema yote mawili mpaka tukaona nyumba yetu. Pale mlangoni akasimama.

"Mimi nasikia moja tu," akasema, akaingia ndani kuwasha moto.

Hatukulizungumza tena. Mama hakusimama tena katika mkutano wowote, wa shule wala wa mtaa. Nyumbani aliendelea kuwa mama, tena mwema, ila nilimwona amekuwa mpole wa maneno na nikadhani ni umri. Wageni hawakuambiwa tena kalibuni. Aliwaambia piteni, kaeni. Nikisafiri hakunitakia safari njema, aliniambia, "Uende salama." Barabara ikawa njia. Nilipochaguliwa kwenda sekondari majirani walishangilia na shangazi wa Mpitimbi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, lakini mama alinishika mikono akasema, "Moyo umetulia, mwanangu." Nilitaka aseme amefurahi. Nilikwenda kulala nikinung'unika kwamba mama yangu ni bahili wa furaha.

Nikawa mwalimu wa Kiswahili. Mnaweza kucheka. Nimefundisha sekondari zaidi ya miaka ishirini, na likizo nafundisha wageni wanaokuja kufanya kazi huku kwetu. Mwaka juzi nilimpata dada mmoja Mjapani, mhandisi wa maji, mtu makini sana, ambaye r na l kwake vilikuwa gunia moja kama vilivyokuwa kwa mama. Nikamfumbisha macho, nikasimama nyuma yake, nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Siku moja tulikwenda naye sokoni kwa mazoezi. Akasema kalibu mahali pa asante, akaomba mchere kilo mbili. Meza zote zilifurahi. Wauzaji waliwaita wenzao waje wamsikie, wakampigia makofi, wakamwongezea kopo moja la bure kwa vile anavyojitahidi, na muuzaji akaniambia Kiswahili chake kinapendeza masikioni.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mgeni aliyevuka bahari akisema kalibu anaongezewa kopo, na Myao aliyetoka mkoa huu huu akisema kalibu anachekwa. Nilipanga kumtafuta mtu wa kumsema. Nikapekua kichwani nani alimnyamazisha mama yangu, na sikuhitaji kupekua mbali. Yule baba wa feza alimtania tu, na utani mama aliuweza.

Mama anaishi kwangu sasa. Magoti hayamruhusu soko, lakini ukimletea mchele mbaya utajuta. Kiangazi kilichopita alitembelewa na rafiki yake wa ujana, bibi mmoja kutoka Nakapanya, akakaa kwetu siku tatu. Walitandika mkeka uani, wakawa wanapukuchua mahindi na kuongea Kiyao kutwa. Mimi Kiyao nakisikia kama redio ya jirani, mambo nayapata, maneno yananipita. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia sauti ya mama ambayo nilikuwa nimesahau kwamba anayo. Ilikuwa ile ya sokoni. Ilijaa ua mzima. Alikuwa anamsimulia mwenzake visa vya utoto wangu, jinsi nilivyoanguka kwenye gunia la mpunga nikalala humo humo, na katika kila kisa alikuwa ananitaja kwa jina. Alilitaja kwa l, bila kusita, mara kumi na zaidi.

Niliuacha mwiko ndani ya sufuria. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mama aliniita hivyo mbele yangu. Siku ya harusi yangu aliniita mwanangu. Nilipojifungua aliniita mwanangu. Nilipolazwa wiki tatu na nikadhani nakufa, aliyekuwa akinong'ona kitandani alikuwa akisema mwanangu, mwanangu. Mdogo wangu wa kiume anaitwa kwa jina lake kila siku, na jina lake halina r. Mimi nilikuwa sijaitwa tangu siku ya mkutano.

Pale pale jikoni maneno yakaanza kujipanga yenyewe. Njia. Piteni. Uende salama. Moyo umetulia. Hakuna hata moja lenye r. Nikakumbuka kwamba sokoni miaka ile, nilipokuwa nikikaribia meza yake, sauti ilikuwa inashuka na kalibu inageuka kuwa pita, mama, pita uone. Nisipokuwepo alisema alivyotaka. Mbele yangu tu, karibu miaka arobaini, alikuwa anachagua kila neno kabla hajalitoa, kama anavyochagua mawe kwenye mchele, ili nisije nikamsahihisha tena. Herufi asiyoisikia aliweza kuikwepa, maana alijifunza ni maneno gani yaliyonikunja uso. Ugali uliungua na niliuacha uungue.

Bibi wa Nakapanya alipoondoka, nilikaa na mama barazani asubuhi. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu ninao tayari, kwa hiyo nilijua nimechelewa. Niliogopa kumwomba radhi kwa r yangu ya shule. Nikiisema kwa l angedhani namwigiza. Nisamehe lingefaa, halina r, lakini niliona hilo nalo ni kumfuata mpaka kwenye maficho yake. Nikaamua nitamwomba kwa Kiyao. Nilikuwa nimeipanga sentensi kichwani tangu alfajiri, nikaitoa kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao.

Mama alinitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Kiyao kina sauti fupi na sauti za kuvuta, na mimi nilikuwa nimekata palipotakiwa kuvutwa, basi badala ya msamaha nilikuwa nimemwomba kitu kingine ambacho binti haombi kwa mama yake. Neno lenyewe sithubutu kuliandika hapa, maana wenye lugha watanicheka mara ya pili.

Alipotulia alielewa nilichokusudia. Akaniuliza, "Msamaha wa nini?"

Nikamwambia wa siku ile ya mkutano. Nikamwambia kwamba nilikuwa namsikia wiki nzima kwenye ungo na sikumwambia, nikangoja nimwambie mbele za watu. Nililia, mtu mzima mwenye wajukuu. Mama aliangalia njia.

"Ile milango waliweka?" akauliza.

Nikasema waliweka, lakini miaka mingi baadaye. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei na kuona imepanda. Kisha akanigeukia. Alisema siwezi kuomba msamaha kwa matusi, kwanza niliseme lile neno sawasawa. Akanitamkia, na kunitamkia lile la matusi pia, moja baada ya jingine, ili nipime. Nikamwambia ukweli, kwamba kwangu mimi yote mawili yanafanana kabisa, sipati hata punje ya tofauti. Akarudia. Nikatega masikio yangu yote, yale yale yaliyosifiwa na mwalimu, nikatoka mikono mitupu.

Alinisogelea. Akanishika kidevu kwa vidole vyake viwili ili nitazame mdomo wake. Akaniita jina langu. Lilitoka kwa l, kubwa, wazi, la kutoka mezani hadi ng'ambo ya barabara, na baada yake akasema, "Sikia vizuli."

Alitamka polepole. Mara ya tatu nilidhani nimepata. Mara ya tano nikawa na hakika, ile sauti ndefu ilikuwa inalala kidogo kabla haijaondoka, nami nikaweza kulitamka lile neno mdomoni bila sauti, likakaa mahali pake. Mama alikuwa ananingoja. Nikalitamka kwa sauti, na nikalikosea tena kwa makusudi, ili aniite.